Tarishi wa Madalali Wawili

“Mtaje! Kama unamjua huyo dalali, mtaje hapa, mchana kweupe!”

“Nimtaje mimi? Mgeni aingie kwako, jina nilijue mimi?”

“Kwangu hajaingia mtu. Aliyeingia kaingia kwako, kavaa kofia ya njano, futi kamba mkononi, kapima ukuta wako mwanzo mpaka mwisho. Unauza nyumba, mkwe, halafu unanisingizia mimi!”

“Niuze mimi? Mimi humu nitatolewa nimelala chali! Wewe ndiye unayeuza, na kisima kimo humo humo. Kesho keshokutwa nichungulie hapa nimkute mwanamume nisiyemjua anapiga mswaki? Ndiyo maana nimemleta fundi. Ukuta unapanda leo.”

Waya aliyasikia hayo akiwa bado nje, mkoba wa kazi begani, mfuko wa vitunguu mkononi. Ilikuwa Jumamosi, siku ya kutoka kazini mapema, na njia nzima alikuwa akiwaza chungu cha mama yake na usingizi wa mchana. Vyote viwili vikayeyuka. Akapita ubavuni mwa nyumba, akatokea uani, akawakuta pale wanaposimama siku zote wakigombana: kwenye kijilango cha mabati kinachounganisha nyua mbili, kila mmoja upande wake, kila mmoja na kidole hewani.

Upande huu Bi Mkunga, mama yake mzazi, aliyezalisha nusu ya mtaa ule na ambaye mpaka leo akikutana na mtu mzima na suti yake humkumbusha mbele za watu kwamba alitanguliza miguu. Upande ule Bi Mwalimu, mama mkwe wake, aliyeifundisha nusu hiyo hiyo kusoma na kuandika, na ambaye hata kustaafu hakukumpunguzia kitu. Tangazo la msiba likibandikwa ukutani hulisahihisha kwanza, kisha ndipo akalia. Waya mwenyewe kapita mikononi mwa wote wawili. Kazaliwa kwa huyu, kafundishwa na yule, kisha kaolewa na mtoto wa yule, harusi ikapita kwenye kijilango hicho hicho, na waliochelewa kidogo walikuta bibi harusi keshafika kwake.

Sasa kando ya kijilango palikuwa na rundo la matofali. Juu ya ndoo iliyogeuzwa alikaa mwashi, mwiko mapajani, karai kavu miguuni, akiwatazama wanawake wale kama mtu aliyekata tiketi.

“Kaka, umekuja kufanya nini?” Waya akamuuliza, ingawa alijua.

“Kuziba hapo, dada yangu.” Akaelekeza mwiko kwenye kijilango. “Ila nangoja maji. Huku tangi kavu, na huko bi mkubwa kasema maji ya kisima chake hayatajenga ukuta wa kumfungia yeye.”

“Thubutu!” akasema Bi Mkunga.

Waya akakitazama kijilango. Yeye na mumewe walikaa vyumba vya nyuma kwa Bi Mwalimu, na kijilango kile ndicho kilichomfanya aolewe bila kuondoka. Asubuhi hupita kumwona mama yake, jioni hupita tena kumsugua goti lile bovu. Kikizibwa, itabidi kuzunguka nyumba zote za safu ile, kuvuka mtaro wa maji machafu, kupita mbele ya kibanda cha Redio, fundi cherehani, na kusimama kuulizwa kulikoni. Na mama yake, kwa goti lile, hatazunguka kabisa. Atakaa ndani peke yake kama chombo cha wageni.

Lakini lilikuwepo jambo lingine lililomchoma zaidi, maana yeye tangu utotoni alipewa jina la Waya kwa kufungua kila kilichofungwa. Hilo neno. Dalali. Akaliona limesimama katikati ya ugomvi kama mbuzi aliyeingia sebuleni, na akajua kabisa zizi alilotoka.

“Mama,” akasema, akimtazama mmoja, kisha akamgeukia mwingine, “na wewe Mama. Huyo dalali ni wangu.”

Wakanyamaza wote wawili kwa pamoja, jambo ambalo kwa mwaka ule lilikuwa halijatokea.

“Si mtu. Ni kisanduku. Kimoja nimekiweka mimi jikoni kwa Mama, kimoja mumewe wangu kakiweka kule darini. Vinaitwa dalali.”

“Mume wangu,” akasahihisha Bi Mwalimu. “Si mumewe wangu.”

“Mume wangu.”

“Na kisanduku kinaitwa dalali? Mimi nimeshika chaki tangu hujazaliwa, nikupe neno, unirudishie neno hilo limekonda hivyo? Dalali ni mtu, mkaza mwanangu. Ana tumbo na maneno mengi.”

“Basi niruhusu nikuonyeshe.”

“Nionyeshe. Visanduku hivyo vikiongea, nitaamini. Visipoongea, fundi akachote maji popote atakapoyapata.”

Mwashi akavuta ndoo yake mbele kidogo, aone vizuri.

*

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Kisima na pampu vimo uani kwa Bi Mkunga. Tangi la Bi Mwalimu liko juu ya nguzo uani kwake. Zamani tangi likikauka, Bi Mwalimu alipaza sauti, “Mkwe, washa!” na likijaa, “Mkwe, zima!” Mambo yakaenda, mpaka siku Bi Mkunga alipowasha pampu akaenda kuzalisha mtu na kusahau, tangi likafurika, maji yakapita chini ya kijilango yakaingia jikoni kwake mwenyewe, unga ukaelea. Akamlaumu mkwe kwa kutopaza sauti. Mkwe akasema alipaza mpaka ikakauka. Wiki iliyofuata Bi Mwalimu akakatikiwa na maji akiwa na povu kichwani, akaona amelipiziwa. Tangu hapo hawakuambiana kitu ila kupitia kwa Waya. “Mwambie mama yako awashe.” “Mwambie mama mkwe wako, mkono haujamvunjika, aje awashe mwenyewe.” Waya akachoka kuwa bomba la maneno ya watu. Ndipo yeye na mumewe, fundi umeme anayeitwa Volti, wakaona bora vyombo viambiane vyenyewe.

Akaleta meza ndogo, akaiweka katikati kabisa ya kijilango, miguu miwili huku, miwili kule, juu ya kipago kilichovunjika, kile kidaraja cha saruji cha kukanyagia mtu akivuka, ambacho kila siku kilimkwaza mama yake. Akafungua kompyuta yake. Bi Mkunga akavuta kigoda chake. Bi Mwalimu akabaki amesimama, mikono kifuani, ila miwani aliivaa.

“Mama,” Waya akamuuliza mama mkwe wake, “dalali wa vyumba kazi yake nini?”

“Kula cha juu.”

“Na kabla hajala?”

Bi Mwalimu akafikiri. “Mwenye nyumba anampa habari: nina chumba. Anayetafuta naye anamwambia: kikipatikana, niite. Yeye anakaa katikati.”

“Na hao wawili wanajuana?”

“Wakijuana atakula wapi?”

“Haya. Ndani ya tangi lako mwanao ameweka boya. Maji yakiisha, boya linampa dalali wa kwako habari. Basi, kazi yake imekwisha, halijui nani anaitaka. Na pampu ya Mama imemwambia dalali wa huku: ukisikia habari za maji, niite. Haijui zitatoka kwa nani.”

“Mbona madalali wawili?” akauliza Bi Mkunga. “Mmoja hatoshi?”

“Mama, mimi na Volti tulijaribu na mmoja. Tulitaka kuachana.” Mwashi akacheka, Waya akaendelea. “Kila mtu akaweka wa kwake ambaye anaujua utaratibu wake. Sasa dalali wa kule hamjui wa huku. Ndiyo kazi iliyobaki, na ndiyo ninayoifanya kazini kila siku: kumweka mtu wa tatu katikati. Wenyewe huiita ruta ya ujumbe. Mimi namwita tarishi. Anasikiliza huku, anapeleka kule.”

“Anapeleka kama alivyosikia?” akauliza Bi Mwalimu.

“Kama alivyosikia.”

“Haongezi chumvi?”

“Hajui chumvi.”

“Basi huyo si wa mtaa huu,” akasema Bi Mwalimu, na kwa mara ya kwanza akaegemea meza.

Waya akamwandikia tarishi maagizo yake. Unalolisikia kwa dalali wa kule, lilete huku. Ya huku atapewa baadaye. Aliandika haraka, njaa ikimkwaruza, hakuona sababu ya kulifikiria sana. Akamwasha. Kwenye kioo ikatokea mistari miwili: amefika kwa wa kwanza, amepokelewa, amefika kwa wa pili, amepokelewa. Kisha kwa kuwa tangi lilikuwa kavu na boya limelala chini likilalamika, ukaja mstari wa tatu: *tangi/tupu*. Umetoka kule. Umeletwa huku. Umekabidhiwa.

Wote wakageuza shingo kuitazama pampu.

Pampu ikawatazama.

“Haijasikia,” akasema Bi Mkunga.

“Imesikia, ina dharau,” akasema mwashi. “Ninayo moja kwangu ya hivyo, ila ile ni shemeji.”

Waya akainamia kioo. Hapo ndipo alipousahau mfuko wa vitunguu, na njaa, na hata ukuta. Jambo linalokataa kwenda lilimvuta kama harufu ya chungu cha jirani. Boya linasema. Dalali wa kule amepokea. Tarishi amebeba na amefikisha. Nani basi aliyeziba masikio? Akaamua kuwapima mmoja mmoja. Akamwandikia dalali wa huku kwa mkono wake mwenyewe, moja kwa moja, kwamba maji yamekwisha. Pampu ikakohoa, ikanguruma. Bi Mkunga akaruka kigodani. Waya akaizima.

“Inasikia,” akasema kwa sauti ya chini. “Ikiambiwa na mimi inasikia. Ikiambiwa na tarishi haisikii. Na maneno ni yale yale.”

“Labda haipendi watu wa upande ule,” akasema mama yake.

“Mkwe!”

“Nimesema labda.”

Waya akampigia mumewe, aliyekuwa kwenye jengo la watu akipitisha nyaya. Volti akasema boya ni zima, dalali ni mzima, yeye mwenyewe ni mzima, na ana mkono mmoja tu wa kushikia ngazi, akakata.

Wale wawili wakarudia lao.

“Mimi nasema tatizo ni hilo tanki lako,” akasema Bi Mkunga. “Tanki kuukuu. Tanki limeshika kutu mpaka boya limeshika kutu.”

“Tangi.”

“Nini?”

“Ni tangi. Si tanki. Tan-gi.”

“Mimi kwangu ni tanki. Nimesema tanki miaka yote na maji yanakaa humo humo, hayajamwagika kwa sababu ya herufi.”

“Ndiyo maana hatuelewani! Watu hawasemi neno moja!”

Mikono ya Waya ikaganda juu ya vibonye. Akayatazama maneno aliyoyaandika yeye: *tanki/tupu*. Akayatazama aliyoyaleta tarishi: *tangi/tupu*. Alikuwa ameyasoma mara ngapi na jicho lake likayapokea kuwa mamoja, kwa vile jicho husoma linachokijua. Nyumba aliyokulia yeye walisema tanki. Nyumba aliyokulia mumewe mtu akisema tanki alinyimwa maji. Akampigia Volti tena.

“Uliandika tangi? Kwa g?”

“Sasa niandike vipi? Neno hilo nilichapwa nalo fimbo na mama yangu mwenyewe, darasa zima likitazama. Kwani wewe umeandika nini?”

Waya akakata simu, akacheka mpaka akashika meza. Kisha kicheko kikamwishia mdomoni, kwani alimwona mwashi amesimama, karai mkononi, karibu na bomba la Bi Mwalimu, amelitega sikio.

Kumbe! Akiyafungua maji, anamfungulia mwashi. Herufi ile moja ndiyo iliyokuwa imeushikilia ukuta usipande. Angeweza kuiacha. Angeweza kusema imeshindikana, aifanyie kazi Jumatatu, na mwashi aende zake akiwa na mwiko mkavu. Kidole kikasita. Akamtazama mama mkwe wake: mama mkwe hakuwa anatazama matofali. Alikuwa ameinama juu ya kioo, miwani imeshuka puani, akiusoma mstari mmoja mmoja kwa midomo, kama alivyokuwa akisoma madaftari yao.

“Umeona nini?” akauliza Bi Mwalimu. “Usinifiche. Umeona kitu.”

Na Waya kumficha mtu mwenye swali hakujifunza.

“Pampu inangoja tanki. Boya lako linasema tangi. Kwa dalali, hayo ni maneno mawili kama jiwe na mkate.”

Bi Mwalimu akajinyoosha taratibu, akamtazama Bi Mkunga kwa ushindi uliojaa adabu. “Sijasema kitu,” akasema.

“Umesema kwa uso,” akajibu Bi Mkunga.

“Basi sahihisha hilo la huku, liwe sawa.”

“Hapana, Mama. Sisahihishi mtu leo. Tarishi atatafsiri. Akitoka kwako na tangi, akifika kwa Mama aseme tanki. Akitoka kwa Mama na tanki, akifika kwako aseme tangi. Kila mtu asikie kwa lugha ya kwao.”

Akaandika, safari hii kwenda na kurudi, kisha akaziunganisha simu za wale wawili na madalali wao, kila mmoja apate habari. Akabonyeza.

Pampu ikakohoa, ikanguruma, ikashika. Bomba la kwenda kule likatetemeka juu ya ukuta kama nyoka aliyeguswa, na kutoka ndani ya tangi ikasikika sauti ya maji yakianguka chini. Bi Mkunga akapiga kigelegele kabla hajakumbuka kwamba amenuna.

“Maji hayo!” akasema mwashi, na kweli yule mtu hakupoteza muda. Akafungua bomba, akakinga, akaanza kukoroga mchanga na saruji.

Waya akamwona. Akataka kusema neno. Lakini simu ya Bi Mwalimu ikalia: *ting*. Ya Bi Mkunga ikajibu: *ting*. Kisha tena. Kisha zikashikana, *ting-ting-ting-ting*, kama wauza vyombo wawili waliokutana njia moja.

“Inasema tangi tupu,” akasema Bi Mwalimu.

“Na yangu inasema tanki tupu.”

“Yangu imesema tena. Na tena! Waya, tangi langu limekuwa mangapi?”

Kioo kilikuwa kinakimbia kama mtu anayefukuzwa. Tangi, tanki, tangi, tanki. Waya akamzima tarishi, simu zikatulia, pampu ikabaki inanguruma peke yake.

“Kosa langu,” akasema. Aliona sasa, wazi kabisa, na akaona aibu kidogo, kwa kuwa kazini huwakemea wengine kwa kosa hilo hilo. “Nilimwambia kila unalosikia upande huu peleka upande ule. Basi kalichukua neno kwako, kalipeleka kwa Mama. Alipofika akalisikia kwa Mama, naye ameambiwa kila analosikia kwa Mama alilete kwako. Akalileta. Wewe ukalisikia kama habari mpya, akalichukua tena. Neno ni moja. Linazunguka tu, na kila likirudi linaonekana geni.”

“Na dawa yake?”

“Alama. Kila ujumbe upigwe alama ya nyumba ulikozaliwa. Tarishi akiona ujumbe umezaliwa kwako, asiurudishe kwako kamwe.” Alikuwa tayari anaandika, sikio moja kwenye tangi. Tangi likijaa tarishi akiwa amelala, jikoni kwa mama yake kutaelea unga tena, na hapo hata kijilango kingejiziba chenyewe.

Nyuma yake wale wawili wakatazamana. Waliwaza jambo moja, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza.

“Mkwe,” akasema Bi Mwalimu mwishowe. “Hili la dalali. Wewe ulilisikia kwa nani?”

“Kwa Redio. Alisema wewe unaulizia mambo ya dalali kwa wasiwasi, na kwamba dalali mwenye kofia ameonekana kwako.”

“Mimi nilikuwa nauliza kwa sababu Redio huyo huyo alinihakikishia kwako kuna dalali.”

Na kama ilivyo kawaida ya wanaotajwa, Redio mwenyewe akachungulia ubavuni mwa nyumba. Alikuwa mshonaji wa pale kona, tepu shingoni, pini mdomoni, jina lake kalipata kwa kutokuwa na kitufe cha kuzimia. “Nimesikia kigelegele,” akasema. “Nani kajifungua?”

“Njoo hapa,” wakasema wote wawili.

Redio akaja, akizitoa pini mdomoni moja moja, kwa kuwa aliona atahitaji mdomo.

“Wewe ulimwambia mkwe wangu kwangu kuna mtu wa kofia ya njano?” akauliza Bi Mwalimu.

“Nilimwona kwa macho yangu, mama. Mgongo wake. Yuko juu ya ukuta, anapima kwa futi kamba.”

“Kofia ya njano ya plastiki? Iliyopasuka hapa sikioni?”

“Hiyo hiyo!”

“Huyo ni mwanangu!” akafoka Bi Mwalimu. “Volti! Alikuwa anapima waya! Wewe umemshonea suruali ya harusi, humjui mgongo wake?”

“Suruali, mama, mimi naujua mguu.”

Mwashi akaacha kukoroga, akacheka mpaka karai likayumba.

“Na neno lenyewe?” akaendelea Bi Mwalimu, sasa kwa sauti ile ya darasani, tulivu na ya kutisha. “Dalali. Alikuambia nani kwamba kwa Bi Mkunga kuna dalali? Fikiri kabla hujajibu.”

“Mimi huwa sizui, mama. Mimi napokea, napitisha. Hilo nililipokea...” Macho ya Redio yakahama taratibu, yakatua kwa Bi Mkunga. “Nililipokea kwa bi mkubwa mwenyewe. Alikuja kupunguza gauni. Akaniambia kwa furaha, mwanangu ameniwekea dalali jikoni, na kwa mkwe yupo wa pili.”

Bi Mkunga akautazama mguu wa kigoda.

“Nilikuwa namsifia mwanangu,” akasema kwa sauti ndogo. “Halafu liliporudi lilikuwa limevaa kofia. Sikulitambua.”

Kisha Bi Mwalimu akatoa sauti puani, kama birika linapoanza, akavua miwani, akaziba uso kwa upindo wa kanga, mabega yakamtikisika. Bi Mkunga akamtazama kuona kama analia. Alipoona sivyo, akaangua kicheko naye.

“Limezaliwa kwako!” akasema Bi Mwalimu akipangusa macho. “Limekwenda kwa Redio, limekuja kwangu, limerudi kwa Redio, likakurudia, na wewe ukalikaribisha kiti!”

“Halikuwa na alama!”

“Redio, usiku na mchana unatembeza maneno bila alama!”

“Sasa mimi nimekosa nini?” akauliza Redio.

Waya hakucheka nao. Alikuwa amemaliza mstari wa mwisho, amemwasha tarishi, na sasa alikuwa ametega sikio juu. Sauti ya maji ndani ya tangi ilikuwa imepanda na kuwa nyembamba, kama chupa inayokaribia kujaa. Akauma kidole. Kwenye kioo ukatokea mstari: *tangi/limejaa*. Chini yake: *tanki/limejaa*. Baada ya huo hapana kitu. Simu ya huku ikalia mara moja tu, ya kule mara moja tu.

Na pampu ikanyamaza yenyewe, bila mtu kumwambia mtu.

Mwashi akapiga mwiko ukingoni mwa karai. “Udongo uko tayari, mama,” akamwambia Bi Mwalimu. “Saruji ikishalowa haibembelezwi. Nianzie wapi?”

Waya akainuka. Bi Mwalimu akayatazama matofali, akalitazama karai, akamtazama Bi Mkunga, ambaye alijifanya anasugua goti. Saruji hiyo ilikuwa yake, kaiagiza mwenyewe kwa mdomo wake, mbele ya mtaa. Kurudisha neno ni kazi, na yeye alizoea kurudisha ya wengine.

“Waya, ondoa hiyo meza,” akasema.

Waya akaiondoa. Pale ilipokuwa pakabaki kile kipago kilichovunjika, kipande kimoja huku, kimoja kule, shimo katikati.

“Anzia hapo chini,” Bi Mwalimu akamwambia mwashi. “Tengeneza kipago. Kipana, tena kiwe kifupi, maana mkwe wangu ana goti. Ukimaliza, hayo matofali yapange kando ya jiko langu nipate pa kukalia.”

“Na ukuta?”

“Ukuta gani? Wewe uliambiwa na nani habari za ukuta? Na Redio?”

Mwashi akawa mtu mwenye busara, akapiga magoti, akaanza kazi. Kwa muda wakasimama wote wakiutazama mwiko ukilainisha saruji. Bi Mkunga akanyanyuka, akanusa hewa. Vile vitunguu vya Waya vilikuwa vimekwishafika jikoni, hakuna aliyejua kwa mkono wa nani, na chungu kilikuwa kinaita.

“Mkwe,” akasema, “mvuke huo unausikia?”

“Sina pua mbili, lakini nausikia.”

“Basi vuka, tule.”

Bi Mwalimu akanyanyua mguu, mwashi akapiga ukelele. “Usikanyage, mama! Mbichi hiyo! Leo hapa hapapitiki mtu!”

Wakatazamana, mmoja huku, mmoja kule, saruji mbichi katikati. Kisha Bi Mwalimu akajifunga kanga yake vizuri, akageuka, akapotea ndani ya nyumba yake. Wakasikia mlango wake wa mbele ukifunguliwa. Redio akakimbilia kona yake kujionea, na kila mwenye dirisha upande wa barabara alimwona Bi Mwalimu akitembea kuzunguka safu nzima ya nyumba, akiruka mtaro kwa heshima zake zote, akipita bila kusimama kuulizwa kulikoni, mpaka mlango wa mbele wa Bi Mkunga, mlango ambao tangu wawe wakwe hakuwahi kuugonga.

“Hodi!”

Bi Mkunga alikuwa amefika sebuleni kabla yake, goti na yote, akimvuta Waya mkono. “Nani huyo?” akauliza, akijua kabisa. “Asije akawa dalali.”

“Dalali, na sijala tangu asubuhi.”

“Karibu, mkwe wangu. Ingia ndani. Waya, sogeza kiti, na mpelekee fundi chakula chake nje, asije naye akasema hakuambiwa.”